Injini ya Shangazi na Keki ya Ghorofa Tatu

Jumatatu, 6 Mei

Likizo imeanza. Wiki nzima bila kupima mapazia ya watu! Nimeamka nikiwa mtu mpya.

Shangazi amekataa kupanda kilima. Shangazi ni gari letu, lile refu lenye nyuma pana. Tulimpa jina hilo kwa sababu huguna njia nzima na hakuna anayethubutu kumjibu. Leo hakuguna. Alikohoa, akatoa moshi mweusi, akazimika katikati ya barabara, mke wangu akiwa kwenye usukani na trei za mayai zikiwa kiti cha nyuma. Wapita njia ndio waliomsukuma mpaka getini. Mke wangu ameingia ndani na uso ambao siupendi.

Ajabu ni kwamba juzi tu nilimfanyia Shangazi sevisi kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifungua lile boksi jeusi linalovuta hewa, nikalipangusa vumbi lote, na kabla ya hapo nikaliziba pua kwa kitambaa ili uchafu usiingie, kama wafanyavyo wataalamu kwenye video. Kazi safi kabisa. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye hewa. Hilo nimeshalifuta.

Mke wangu anataka gari liende kesho kwa Daktari. Daktari ni fundi wa pale kona. Mke wangu anasema Jumamosi ana keki ya harusi ya kupeleka ukumbini, ghorofa tatu, na meneja wa ukumbi amemwambia kwamba ikifika nzima na kupendeza, keki zote za ukumbi ule zitakuwa za kwake. Ameisubiri nafasi hii tangu alipoanza kuoka. Na keki hiyo haibebeki na gari lolote isipokuwa Shangazi, maana ndiye tuliyemtengenezea rafu ya mbao nyuma ili keki isimame wima. Nimemwambia aondoe shaka.

Naandika hapa ili haki itendeke: nilikuwa nimekubali kwenda kwa Daktari. Kisha akaja shemeji, kaka yake mke wangu, na gari lake jeupe lisilokohoa. Akamzunguka Shangazi mikono mfukoni, akasema kwamba jambo la muhimu kuliko yote ni mimi nisiguse kitu. Nisiguse! Kwenye uwanja wangu! Mke wangu akacheka. Alicheka kidogo tu, lakini masikio yangu ni mazima.

Kesho naanza.

Jambo jingine dogo. Mke wangu anatafuta kitambaa chake cha njano chenye maua, kile cha kufutia sahani za keki. Ameniuliza kama nimekiona. Nimemjibu kwamba upepo wa siku hizi hauaminiki.


Jumanne, 7 Mei

Siku tukufu.

Nimemwambia mke wangu kwamba Daktari ana foleni ya magari, atakuja mwenyewe hapa nyumbani, na ameniomba nimtangulizie vikazi vidogo vidogo. Haukuwa uongo mkubwa. Daktari huwa na foleni, hata kama sijaenda kuiona.

Nimefungua boneti. Kwanza nikaondoa lile boksi la hewa, likiwa zima hivyo hivyo, nikaliweka kwenye kiti cha plastiki kivulini, kwa heshima, kwa sababu ndicho kitu pekee kwenye gari hili ambacho nina uhakika nacho. Kisha nikashuka kwenye kabureta. Kisha plagi na nyaya zake. Kisha vitu ambavyo sikuvijua majina lakini vilikuwa na nati zinazofunguka, na nati inayofunguka ni mwaliko.

Mafundi wengi hushindwa kwa sababu ya kukosa utaratibu. Wanatupa bolti kwenye kopo, halafu wanajikuna vichwa. Mimi nimechukua trei za mke wangu za keki ndogo, zile zenye vikombe kumi na viwili, nikapanga kila bolti kwenye kikombe chake, kuanzia kushoto, kwa mpangilio wa kufungua. Kila kitu kwenye kitanda chake. Niliposimama kutazama zile trei zimejipanga juu ya ukuta wa kibaraza nilitaka kujipigia makofi. Nilijipigia.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, amehamisha kiti chake mpaka kwenye ukuta unaotutenganisha ili anione vizuri. Amekuja na redio. Akaniuliza gari lilifanyiwa nini kabla ya kuugua. Nikamjibu kwamba lilifanyiwa sevisi. Akauliza na nani. Nikamjibu. Mwalimu akanitazama kwa muda mrefu, halafu akaongeza sauti ya redio.

Alinishauri pia nizifunge nyaya za plagi vikaratasi ili nisizichanganye. Nikamwambia kichwa hiki kinakumbuka vipimo vya madirisha ya nusu ya mji.

Nalala na mafuta kwenye kucha zote kumi. Nina furaha isiyo kifani.


Jumatano, 8 Mei

Janga.

Nimeamka nikapiga miayo, nikatoka kibarazani. Ukuta mtupu. Hakuna trei hata moja.

Nilizikuta jikoni. Zinang'aa. Mke wangu alizihitaji kwa keki ndogo za majaribio, akaziosha kwa maji ya moto na sabuni, na tayari zilikuwa zimejaa unga uliokorogwa. Bolti zangu? Ziko kwenye beseni. Zote. Zimeoshwa nazo, zimesuuzwa, zinanukia ndimu ya sabuni ya vyombo. Kubwa kwa ndogo, za kabureta na za Mungu anajua wapi, zimekumbatiana chini ya beseni kama ndugu waliopotezana.

Mke wangu alizungumza polepole, jambo linalonitisha kuliko kelele. Alisema angependa kumjua huyo fundi anayeweka misumari ya gari kwenye vyombo vya watu vya kuokea. Nikasema ni utaalamu wa kisasa.

Na hapo ndipo Daktari alipopita barabarani, begi begani, akasimama getini kutusalimia. Akasema ana siku nyingi hajamwona Shangazi, je, mzima? Akasema pia kwamba dada yake amejifungua, anakwenda kumtazama mtoto, atarudi Jumatatu. Kisha akachungulia uwanjani akaona boneti wazi. Akafumba mdomo. Akatupungia mkono akaondoka kwa haraka, na nadhani mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mke wangu hakunifokea. Aliniita bwana. Siku za kawaida huniita mpenzi, akiwa na haraka huniita wewe, lakini akiniita bwana ujue nimekalia kuti kavu. Aliniambia, bwana, nilitoa neno langu kwa bibi harusi na kwa meneja, na sasa neno langu liko kwenye beseni. Akarudi kwenye oveni yake.

Nilijisikia vibaya kweli, kwa muda mrefu, mpaka nikaona jambo ambalo wengine wasingeliona. Bolti zangu sasa ni safi. Fundi gani hapa mjini anafunga gari kwa bolti safi?


Alhamisi, 9 Mei

Nimefunga! Shangazi amerudi kuwa kitu kimoja!

Mbinu ilikuwa rahisi. Unachukua tundu, unajaribu bolti. Ikikataa, unajaribu nyingine. Ikikubali kwa shingo upande, unaikaza. Ni kama kutafuta kulabu ya pazia inayofaa reli ya kale. Kazi yangu ya kila siku, kwa kweli. Nashangaa kwa nini watu wanauogopa ufundi.

Kikwazo kilikuwa gasketi ya chini ya kabureta, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma. Ilichanika mikononi mwangu. Duka la spea limefungwa. Nikazunguka nyumba nikitafuta kitu kigumu lakini chembamba, na jikoni, juu kabisa ya kabati, nikakuta kadibodi ya duara iliyopakwa rangi ya dhahabu. Ukubwa wa kisahani. Nikakata kwa mkasi wangu wa mapazia. Inakaa kama imezaliwa pale! Shangazi sasa ana dhahabu tumboni, na gari jeupe la shemeji halina.

Zimebaki bolti kiganja kimoja. Nimefikiri sana juu ya hili. Nina hakika kiwandani huweka za ziada, kama washonaji wanavyokupa vifungo vya akiba. Nimezitia mfukoni.

Mchana shemeji akaja. Mke wangu alikuwa amempigia simu, jambo ambalo nimelimeza kimya kimya. Akaegesha lile gari jeupe karibu sana na nyuma ya Shangazi, akashuka, akasimama kando huku akitabasamu nusu mdomo. Akasema amekuja kuona muujiza. Nikaingia kwenye gari na kuzungusha ufunguo.

Muujiza ukatokea. Ulikuwa mlipuko mmoja, mkubwa, uliotoka kwenye bomba la moshi. Mwalimu mstaafu akaanguka na kiti chake na redio ikanyamaza. Kamba ya kuanikia nguo ikakatika. Na nilipotazama kwenye kioo, gari jeupe la shemeji lilikuwa limevaa masizi meusi usoni kuanzia taa hadi taa.

Sitaki kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Shemeji alilifuta gari lake kwa leso, akayasambaza yale masizi vizuri zaidi, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu alipoinuka, alisema kutoka upande wake wa ukuta kwamba nyaya za plagi zimechanganywa.


Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu alivuka ukuta leo asubuhi, kwa ngazi, bila kukaribishwa. Anakumbuka zile nyaya zilivyokuwa zimekaa Jumanne, kwa sababu, anasema, alikuwa na wasiwasi tangu nilipogusa wa kwanza. Akaniongoza kwa fimbo yake. Huu huku, ule kule. Nikamruhusu, mtu mzima apate cha kufanya.

Nikazungusha ufunguo. Shangazi akawaka!

Kisha akakohoa. Akatoa moshi mweusi. Akazimika.

Nikajaribu tena. Kuwaka, kukohoa, moshi, kimya. Kila mara vilevile, kama Jumatatu kule kilimani. Mwalimu alikuwa amekunja uso, lakini mimi nilikuwa narukaruka, kwa sababu niliona alichoshindwa kuona. Nilichukua gari likiwa vipande vipande kwenye beseni la vyombo, na ndani ya siku mbili nimelirudisha kwenye hali yake ileile ya Jumatatu. Kasoro kwa kasoro! Nani mwingine angeweza?

Nilikimbia jikoni kumpa mke wangu habari hizi.

Keki ilikuwa mezani. Ghorofa mbili za chini zimesimama, nyeupe, zina maua madogo ya sukari yanayopanda kuzunguka kama yanatafuta mwanga. Ya tatu ilikuwa kando, bado haijapanda. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono imejaa sukari, akiitazama tu. Nikamweleza mafanikio yangu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa. Kwamba ameoka keki nzuri kuliko zote alizowahi kuoka, na kesho saa sita watu watakaa ukumbini wakitazama meza tupu, na jina litakalochafuka si la Shangazi. Kisha akauliza kama nimeona ile kadibodi ya dhahabu ya kukalishia ghorofa ya juu.

Nikasema labda iko chini ya kitu.

Nimetoka nje nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Sijawahi kumpenda mke wangu kama leo, wala kujiona bure kama leo. Nimeamua: ikibidi, kesho nitaibeba hiyo keki kichwani hadi ukumbini, kwa miguu, hatua kwa hatua, na mwalimu atangulie na fimbo kufukuza mbwa.


Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa nimevaa suruali yenye krimu. Nitaeleza kwa mpangilio.

Asubuhi keki ilikuwa tayari, ghorofa zote tatu, ya juu ikiwa imekalia kisahani cha chai. Shemeji alikuja, gari lake limeoshwa, na lazima niseme alikuja bila kinyongo. Tukajaribu. Buti la gari lake ni fupi. Keki iliingia mpaka shingoni, ya juu ikabaki nje. Kwenye kiti cha nyuma paa liliigusa. Shemeji akapendekeza tuilaze. Mke wangu alimtazama mpaka akaenda kusimama karibu na geti.

Nikatangaza kwamba nitaibeba kichwani. Nikavua shati, nikaanza kulikunja liwe kata. Hakuna aliyenizuia, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

Mke wangu akaenda peke yake mpaka kwa Shangazi. Boneti ilikuwa wazi. Akainama akiwa na gauni lake zuri, akitazama ndani, nadhani ili tusione macho yake. Kisha akauliza ile dhahabu pale chini ya chuma ni nini. Akauliza na hii je.

Alikuwa ameshika kitu kwenye pua ya boksi la hewa. Uzi wa njano. Akauvuta. Ukaja na pindo. Akavuta tena, ikaja pembe yenye ua, na ua jingine, na mke wangu akaendelea kuvuta taratibu mpaka kitambaa chote cha njano cha kufutia sahani za keki kikaning'inia mkononi mwake, cheusi upande mmoja.

Mwalimu, kutoka ukutani, alisema neno moja: sevisi.

Mke wangu aliingia kwenye gari, akazungusha ufunguo. Shangazi akawaka mara moja, bila kikohozi, bila moshi, akiguna kama zamani. Sijawahi kusikia mguno mtamu namna ile. Nikapiga kelele ya furaha, na shemeji naye, na tukakumbatiana kabla hatujakumbuka sisi ni nani.

Tulikwenda. Yeye kwenye usukani, mimi nimepiga magoti nyuma nimeikumbatia rafu ya mbao, uso wangu na ghorofa ya pili pua kwa pua. Kila tuta nilipumua kwa niaba ya keki. Pale kilimani nilifumba macho. Shangazi akapanda, akiguna neno kwa neno, akafika juu.

Keki ilifika imesimama. Meneja wa ukumbi aliizunguka akiwa amefunga mikono nyuma, akasema kile kisahani cha chai kule juu ni ubunifu ambao hajawahi kuuona. Akampa mke wangu harusi mbili za mwezi ujao palepale. Nilisimama mlangoni na krimu gotini, bolti zikilia mfukoni, nikalia kidogo.

Tukiwa njiani kurudi mke wangu aliegesha kando ya barabara. Nikajiandaa. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, na mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kupumua. Kila akinyamaza alisema dhahabu, au upepo, akaanza upya. Nami nikacheka, tukawa watu wawili wazima tunaolia kwenye gari lililoegeshwa.

Kisha akajifuta macho, akaniita mpenzi, akaniapisha. Sitagusa injini ya Shangazi tena maisha yangu yote. Nimeapa, mkono juu ya usukani. Nimeapa kutoka moyoni. Mimi ni mtu aliyejifunza.


Jumatano, 15 Mei

Nimerudi kazini. Mapazia, mapazia.

Shemeji amesafiri kikazi mpaka Jumapili na ameliacha gari lake jeupe uwanjani kwetu, kwa usalama. Ufunguo hakunipa mimi. Alimpa dada yake, wakanong'onezana, wakanitazama. Dada yake ameuficha kwenye pipa la unga. Nimejua kwa sababu hakuna mtu anayeosha mikono mpaka kwenye kiwiko baada ya kuficha kitu mahali pengine.

Shemeji alipokuwa akiliegesha gari nilisikia mluzi. Mdogo sana, chini chini. Sikio la kawaida lisingeushika. Nimekaa na huo mluzi siku mbili nikijiambia si wangu.

Lakini mwanamume amesafiri. Alikuja Jumamosi bila kinyongo, akanikumbatia. Halafu niache gari lake lipige mluzi? Na kiapo changu kilikuwa cha Shangazi, nakikumbuka neno kwa neno.

Mke wangu alikwenda ukumbini kuonja ladha na wateja. Nilifungua boneti tu. Sikugusa nati hata moja, isipokuwa zile za boksi la hewa, maana hilo ni eneo langu. Lilikuwa na vumbi, nilijua! Nimelipangusa vizuri, nimelifunga, nimefuta alama za vidole, nimerudisha ufunguo kwenye unga. Jumapili shemeji atawasha gari lake na atashangaa mwenyewe.

Mke wangu ameingia sasa hivi. Anasema alikifua kile kitambaa chake cha njano jana, akakianika kwenye kamba, na sasa hakipo. Ameniuliza kama nimekiona.

Nimemjibu kwamba upepo wa siku hizi hauaminiki.